Fungu la Nyuki



Mvua zimekatika. Alizeti zimeinamisha vichwa zikisubiri kupigwa, na vidimbwi vilivyojaa vyura mwezi Machi sasa ni udongo uliopasuka. Kuanzia hapa hadi Novemba, na mwaka mwingine hadi Desemba, sisi wa Mtera hatuna mvua ya kutegemea. Ndiyo majira ambayo warina asali huanza kuitazama mibuyu na migunga kwa jicho lingine, na juma hili pia lina tarehe 20 Mei, Siku ya Nyuki Duniani. Umoja wa Mataifa uliitenga siku hiyo mwezi Desemba 2017, kwa kumkumbuka Anton Janša, mwana wa Slovenia wa karne ya 18 aliyefundisha ufugaji nyuki katika mji wa Vienna. Sipendi tuwaachie siku hiyo wataalamu na serikali peke yao. Kanisa limekula asali na kuwasha nta karne na karne, kwa hiyo nalo lina la kusema, na la kwangu leo ni moja: anayerina sharti abakize.

Tuanze na nyuki mwenyewe, yule kibarua mdogo tunayemwona kila siku ukingoni mwa Bwawa la Mtera. Malkia hutaga yai katika chumba cha sega. Baada ya siku 3 yai huanguliwa, jana, yaani buu la nyuki, hulishwa siku 6 hivi, kisha dada zake huziba chumba chake kwa nta. Takriban siku ya 21 tangu yai litagwe, nyuki kamili hutafuna kifuniko na kutoka. Kazi yake ya kwanza duniani ni kufagia chumba alimolelewa, ili kitumike tena. Siku chache baadaye analisha majana kwa maziwa yanayotoka kwenye tezi za kichwani mwake. Halafu tumbo lake linaanza kutoa magamba madogo ya nta, naye anakuwa mjenzi. Anapokea mbochi, ule utomvu mtamu wa maua, kutoka kwa wanaorudi kutoka porini. Anapunga mabawa usiku kucha ili maji yapungue mpaka asali iive. Anasimama mlangoni kulinda. Ni baada ya wiki tatu hivi ndipo anakwenda kwenye maua mwenyewe. Huko nje hufanya kazi wiki mbili au tatu, ncha za mabawa zinachanika, na siku moja harudi. Maisha yake yote wakati wa kazi nyingi ni wiki sita, na asali aliyoichangia haizidi sehemu moja ya kumi na mbili ya kijiko cha chai.

Sasa ichukueni hesabu hiyo muiweke kwenye kalenda yetu ya Mtera. Nyuki anayehangaika leo kwenye maua ya mwisho ya masika, mapema Julai atakuwa amekufa. Asali anayoiweka sasa na kuifunika kwa nta italiwa katika miezi ya ukame, maua yanapokuwa haba, na watakaoila ni wadogo zake ambao leo hata mayai yao hayajatagwa. Hatawaona kamwe, wala wao hawatamjua. Mzinga wote umejengwa juu ya jambo hili: kundi hudumu kwa sababu kila kizazi kinaweka chakula ambacho hakitakila.

Ninapolitafakari hilo humkumbuka Musa juu ya Mlima Nebo. Aliwaongoza watu wake miaka 40 kwenda nchi iliyosifiwa kwa maziwa na asali, akaoneshwa nchi yote kwa macho, upande huu hadi ule, kisha akafa bila kuionja. Wengi tunaisoma habari hiyo kama adhabu, na Torati yenyewe inalitaja kosa lake. Hata hivyo ndani yake kuna heshima kubwa. Musa alipoambiwa kwamba hataingia hakuacha kuwaombea watu wake, wala hakuwaambia kwamba kwa kuwa yeye hali, basi wasile. Alimwekea Yoshua mikono, akawabariki kabila kwa kabila, akapanda.

Tofauti ipo, nami sitaki tuifiche. Nyuki hakuchagua, ameumbwa hivyo, hana sifa wala lawama. Sisi tumepewa amri, na aliyepewa amri anaweza kuikataa. Kwa hiyo simleti nyuki hapa ili tumwone mtakatifu. Namleta kwa sababu tunakula kazi yake, na namna tunavyoila inaonesha tulivyo.

Wahubiri tumezoea pia kumtumia nyuki kuwakemea wavivu. Tunamtaja kama kiumbe asiyepumzika. Ukweli ni mpana kuliko huo. Katikati ya karne iliyopita mtafiti wa Ujerumani, Martin Lindauer, alimwekea nyuki mmoja alama akamfuatilia kwa saa nyingi sana, mchana na usiku, akiandika kila alichofanya. Aligundua kwamba zaidi ya theluthi moja ya muda huo nyuki huyo alikuwa ametulia tu, na sehemu nyingine kubwa alikuwa akizunguka masega akikagua nini kinahitajika kabla ya kushika kazi. Anapumzika, anatazama, halafu anafanya lile linalotakiwa. Aliyeiamuru Sabato ndiye aliyemuumba nyuki, wala sioni ajabu kwamba kazi zake mbili zinafanana. Mama anayeamka saa kumi alfajiri na kulala saa sita usiku hahitaji mfano wa nyuki wa kumwongezea mzigo. Anahitaji wa nyumbani mwake wakague masega, waone kipi hakijafanywa, wakishike.

Na kwa kuwa nimewataja akina mama: najua nyuki wanawasumbua kwenye maji. Mnafika na ndoo, nao wameshatanda bombani na kwenye matope ya ukingo wa bwawa. Wana sababu. Majana wanahitaji joto la nyuzi 34 au 35 hivi; likizidi sana, wanakufa. Jua la mchana hapa kwetu hulipita joto hilo bila shida. Basi nyuki hubeba maji tumboni, huyatandaza matone madogo madogo juu ya masega, kisha mamia kwa mamia hupunga mabawa mpaka maji yakauke na mzinga upoe. Anayewafukuza kwa moto kisimani anawanyima watoto wao pumzi. Wekeni beseni lenye mawe na maji mbali kidogo na njia ya watu, nanyi mlijaze kila siku kabla hawajazoea kwenu. Nyuki akishajifunza mahali pa maji hurudi hapo hapo, na huenda akawaelekeza wenzake.

Maana huelekezana kweli. Karl von Frisch, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alionesha kwamba nyuki aliyepata chakula kingi hurudi mzingani na kucheza gizani juu ya sega: anakwenda mbele akitikisa tumbo, anazunguka, anarudia. Mwelekeo wa mchezo huo unawaambia wenzake waende upande gani ukilinganisha na jua, na muda wa kutikisika unawaambia ni umbali gani. Aliyepata haweki siri. Hapo sihitaji kuongeza neno kwa watu wanaojua jinsi habari za ajira zinavyofichwa ndani ya ukoo mmoja.

Nirudi kwenye kurina, maana hapo ndipo neno langu la leo linapouma.

Nyuki wetu wa nyanda hizi za kati anajulikana duniani kwa ukali. Mwaka 1956 Warwick Kerr, mwanasayansi wa Brazili, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini, na wachache mno kutoka Tanganyika, akawapeleka kwao. Mwaka uliofuata baadhi ya makundi yakatoroka, na leo wazao wao wameenea hadi kusini mwa Marekani. Ukali huo haukutoka hewani. Kwa maelfu ya miaka nyuki wa Afrika amevamiwa na nyegere, na siafu, na mtu mwenye moto. Kundi lililokuwa pole liliporwa likaisha, lililojitetea likabaki. Nyuki akichoma, mwiba wake hubaki kwenye ngozi, naye hufa. Mwiba huo hutoa harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, na hiyo ndiyo mbiu ya vita kwa dada zake. Moshi kidogo huifunika harufu hiyo, na pia huwafanya nyuki wajaze matumbo asali wakidhani moto wa pori unakuja. Moshi kidogo unatosha, na bomba la moshi linatosha.

Lakini wengi hawaendi na bomba. Wanakwenda usiku na kienge cha nyasi, wanakichomeka kwenye tundu la mbuyu, nyuki wanaungua kwa maelfu, masega yanavutwa yote: ya asali, ya chavua, na ya majana. Asali iliyoiva inachanganywa na mbichi, inaingia majivu na majana yaliyopondeka, na ndani ya wiki chache inachacha. Kundi limekufa. Pengine na mbuyu umeshika moto, na nyasi chini yake, na shamba la jirani. Mwakani mrinaji anarudi pale pale, anakuta tundu tupu, anasema siku hizi nyuki wamepungua.

Torati ina sheria fupi ambayo mahubiri yetu huipita haraka. Iko katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, na inahusu kiota cha ndege. Ukikuta kiota njiani, mtini au chini, na mama amelalia mayai au makinda, ruhusa unayo ya kuchukua watoto. Mama umwache aende. Na Mungu anaweka juu ya sheria hiyo ndogo ahadi ile ile aliyoiweka juu ya kuheshimu baba na mama: heri na maisha marefu. Angalieni jinsi Mungu alivyo mkarimu hapo. Hakukataza kula. Alikataza kumaliza. Ndivyo alivyosema pia juu ya mavuno katika Mambo ya Walawi, sura ya 19, kwamba mwenye shamba asivune hadi pembeni kabisa, asirudie kuokota yaliyoanguka, kwa sababu pembe ile ni ya maskini na mgeni. Ruthu alikula kwenye pembe hiyo. Boazi alikwenda mbali zaidi, akawaambia vijana wake wavute masuke mengine kutoka kwenye miganda na kuyaachia makusudi. Kutoka katika nyumba ile akazaliwa Obedi, na Yese, na Daudi. Ukoo wa Bwana wetu ulilishwa kwa masazo yaliyoachwa kwa hiari.

Katika mzinga wa gogo, pembe hiyo inajulikana. Kwa kawaida majana na malkia hukaa upande wa mlango, na asali hujazwa upande wa nyuma. Mrinaji mwenye uzoefu hufungua nyuma wakati wa jioni, hufukiza kidogo, hukata masega yaliyofunikwa kwa nta, na anapofika penye majana husimama. Masega kadhaa ya asali yaliyo karibu na majana huyaacha. Hilo ndilo fungu la nyuki. Asipoliacha, kundi halitasubiri kufa njaa: nyuki wetu wana tabia ya kuhama, wataondoka wote pamoja na malkia wao, na mzinga utabaki nyumba ya mijusi.

Sisemi mzinga wa gogo ni ushamba. Umelisha babu zetu, na mikononi mwa mtu mwenye subira hutoa asali safi kabisa. Mzinga wa kisasa wenye viunzi vinavyochomolewa ni bora kwa jambo moja kubwa: unaweza kutoa sega moja, ukalitazama, ukalirudisha. Kubakiza kunakuwa rahisi. Mizengo Pinda, aliyekuwa Waziri Mkuu kati ya 2008 na 2015, ni mfugaji nyuki mwenyewe na aliihimiza sana mizinga ya namna hiyo; na kweli watu wengi waliipata kupitia miradi. Nimeona pia mizinga mizuri ya mbao imewekwa juani katikati ya uwanja mtupu, mbali na maji, bila mti. Hakuna nyuki atakayeingia humo kwa sababu mfadhili amepiga picha. Mzinga ninaoupinga waziwazi ni ule wa gome, unaotengenezwa kwa kubandua ganda la mti mzima kuzunguka shina. Mti huo unakufa, na ulikuwa chakula cha nyuki wenyewe.

Asali tunaisifu. Tunaitumia kwa kikohozi na kwenye vidonda, wazee wanaitengenezea wanzuki, na ndugu zetu Waislamu wanayo sura nzima ya Kurani, ya 16, yenye jina la nyuki, ambamo nyuki anaagizwa akae milimani na mitini, na kinachotoka tumboni mwake kinatajwa kuwa na ponyo. (Mama zangu, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata tone. Inaweza kubeba vimelea ambavyo mtu mzima havimdhuru, lakini mtoto mchanga vinaweza kumuua.) Hata hivyo asali ni sehemu ndogo ya tunachopokea. Sehemu kubwa hatuioni kwa sababu haiingii kwenye chupa.

Chukueni alizeti. Dodoma na Singida ndizo zinazotajwa kwanza nchini kwa zao hilo. Kichwa kimoja cha alizeti ni mamia ya maua madogo yaliyopangwa duara, na kila ua likipata chavua inayofaa hutoa mbegu moja. Chavua ya alizeti ni nzito na ya kunata, upepo hauibebi vizuri; nyuki huibeba kwenye manyoya ya mwili wake bila kukusudia, akitafuta mbochi. Pale nyuki walipo haba, mkulima anavuna vichwa vyenye maganda matupu katikati, halafu analaumu mbegu ya dukani. Tikiti na maboga ni hivyo hivyo, maana ua dume na ua jike ni maua mawili tofauti. Kwa upande mwingine mtama na uwele huchavushwa zaidi na upepo au na maua yake yenyewe, zabibu zetu za Dodoma hazimhitaji sana nyuki, na ua la mbuyu, linalofunguka jioni, hutegemea zaidi popo. Nayasema haya ili tusimpe nyuki sifa za wengine. Hata ukimpa zile zake tu, ni nyingi: duniani kote, karibu robo tatu ya aina za mazao makuu ya chakula hutegemea wadudu na wanyama wachavushaji, angalau kwa sehemu.

Kwa hiyo mkulima anayepuliza dawa saa nne asubuhi shamba likiwa kwenye maua anaua vibarua asiowalipa. Apulize jua linapotua, nyuki wakiwa wamerudi. Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato Si' wa tarehe 24 Mei 2015, alitaja waziwazi kutoweka kwa ndege na wadudu kunakosababishwa na sumu za kilimo. Ni maneno ya Kanisa lenu, hayakutoka kwa bwana shamba pekee.

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha kuna jambo jingine. Tembo anamwogopa nyuki. Mtafiti Lucy King alilithibitisha nchini Kenya, kisha huko Sagalla, karibu na Tsavo, wakulima wakazungushia mashamba yao uzio wa mizinga iliyoning'inizwa na kuunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inatikisika. Uzio huo haumzuii kila tembo, lakini wengi hugeuka, na mkulima anabaki na mahindi na asali.

Warina asali wa zamani walikuwa na mwenzao ambaye vijana wengi wa leo hawamjui: mlembe, ndege mdogo wa kijivu. Humjia mtu porini akilia, huruka mti hata mti, humfikisha penye nyuki, kisha husubiri. Anachotaka ni nta na majana. Mwaka 1588 João dos Santos, Mdominiko Mreno aliyekuwa mmisionari Sofala, katika Msumbiji ya leo, aliona ndege mdogo akiingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa, na akaandika kwamba ndege huyo huwaongoza watu kwenye asali. Huko huko Msumbiji, katika pori la Niassa, Wayao hadi leo humwita mlembe kwa mlio maalumu, na wakisharina humkusanyia nta na kumwekea juu ya majani. Si wote wafanyao hivyo. Watafiti walioishi na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi waliona kwamba mara nyingi huichoma au kuifukia nta ili ndege abaki na njaa, aendelee kuwaongoza. Sitawahukumu Wahadzabe, wamekaa na nyuki na mlembe muda mrefu kuliko sisi, na pori lao hawakulikata wao. Lakini nikiulizwa ni desturi ipi naitaka kwetu, nitasema ile ya Wayao. Methali yetu inatuambia tufuate nyuki tule asali, na inaishia kwenye kula. Waliobaki pale mtini sisi tukishakwenda, hao ndio ninaowaulizia.

Swali hilo halikomi kwenye mti mmoja. Bwawa tunaloishi kando yake lilianza kujengwa miaka ya 1970 ili kuweka maji ya Ruaha Mkuu na Kisigo, kwanza kwa ajili ya mitambo ya Kidatu huko chini, na tangu 1988 kwa mtambo wake wenyewe wa megawati 80. Tangu 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima. Wataalamu wengi wanataja maji yanayochepushwa huko juu, Usangu, kwa mashamba ya mpunga. Aliyeko juu alichukua hadi pembeni. Wavuvi wetu mnajua maana yake, na nchi nzima iliijua Oktoba 2015, mitambo ya umeme wa maji iliposimamishwa kwa sababu mabwawa yameshuka mno. Tunawanung'unikia wa juu yetu, nasi tunayo haki. Lakini sisi nasi ni wa juu kwa wengine. Udongo unaosombwa kutoka vilima tulivyovikata miti unashuka bwawani, na maji yanayopita hapa ndiyo yanayokwenda Kidatu.

Na tukitaja vilima vilivyokatwa miti, naujua mkaa. Najua magunia yaliyopangwa kando ya barabara ya Dodoma na Iringa, na najua kwamba nyuma ya kila gunia kuna karo, au mgonjwa, au msimu ambao mtama haukutoa kitu. Sitamtukana mchoma mkaa madhabahuni huku miji yetu ikipika kwa mkaa wake. Namwomba aone jambo moja. Mbuyu hautoi mkaa wa maana, ndiyo maana tunaubakiza, na kwa mbali nchi inaonekana bado ina miti. Lakini nyuki haishi kwa mbuyu. Mbuyu ni nyumba; chakula chake kiko kwenye migunga, mikwaju na vichaka vinavyochanua kwa zamu, na hivyo ndivyo vinavyoingia kwenye tanuri. Tunamwachia nyumba na kumkatia chakula, kisha tunashangaa mizinga iko mitupu. Mkikata migunga msimu huu, acheni ule wenye kundi la nyuki na ile iliyo jirani yake. Kamati za misitu za vijiji zinaweza kupendekeza sheria ndogo juu ya hilo, na wajumbe wake wengi wamo humu humu kanisani.

Mwisho, nta. Ili kutengeneza kilo moja ya nta, nyuki hula asali kama kilo sita hadi nane, na bado warina wengi wakishakamua wanaitupa jalalani. Katika Mkesha wa Pasaka, Mbiu ya Pasaka inapoimbwa gizani, nyuki wanatajwa kwa kazi yao mbele ya mshumaa mpya, na Kanisa linataka mshumaa huo uwe wa nta. Mishumaa mingi ya dukani ni parafini, zao la petroli. Natamani wa mwakani utoke kwenye mizinga ya Mtera.

Kwa hiyo kila atakayerina juma hili na mengine yajayo, baada ya kuacha fungu la nyuki, asitupe masega aliyokamua. Yaosheni kwa maji yatoe utamu uliobaki, yatieni kwenye sufuria yenye maji ya kutosha, moto uwe mdogo. Msiyayeyushe bila maji, maana nta hushika moto upesi. Yakiyeyuka, chujeni kwa gunia safi, mkamue, mwache yapoe usiku kucha. Asubuhi nta itakuwa imeelea na kuganda. Inueni, mkwangue uchafu wa chini, muikaushe. Walimu wa vigango watakuwa wanaipokea baada ya ibada ya kila Dominika hadi mwisho wa Agosti, iwe gramu 100 au kilo nzima. Masega meusi yaliyosahauliwa katika mizinga iliyohamwa nayo yaleteni: yanahitaji kuchujwa mara mbili tu.